Amana ya Bibi wa Kwai

Hapakuwa na binadamu chini ya jua ambaye Mbaraka Pazi angeshindwa kupatana naye.

Mmarekani, Mjapani, Mrusi, Mhindi. Alishawasoma wote.

Aliwasomea gizani, Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye mapazia mazito. Miezi mitatu. Filamu sitini na mbili. Mkufunzi wao, Ndugu Zakaria, mpigania uhuru kutoka kusini mwenye kovu shingoni, alikuwa akisimamisha projekta katikati ya picha na kuuliza: "Huyu Mjapani amenyamaza. Amekubali au amekataa?" Mbaraka ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Cheti chake kiliandikwa "Bora Kabisa", naye alikiweka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho cha Idara ya Usalama.

Sasa, saa tano asubuhi, Jumanne moja ya mwaka 1974, mwanafunzi huyo bora alikuwa ameinamia usukani wa pikipiki ya Honda, akizikata kona za kutoka Mombo kwenda Soni. Kushoto jabali. Kulia hakuna kitu.

Redio ya Racal ikakoroma mgongoni. Akasimama.

"Nungu kwa Kinyonga. Unanipata?"

"Nakupata. Sema."

Nungu alikuwa Koplo Marta, kituo cha Lushoto.

"Land Rover ya kijani imepita Mombo sasa hivi. Voss anaendesha mwenyewe."

"Na kopo?"

"Kwai, kwa Bibi Hadija, nyumba ya mwisho kabla ya shamba la ujamaa. Amri ya mkubwa: kopo kwanza, Voss baadaye. Na mlango wa mwananchi hauvunjwi. Patana naye."

Mbaraka akacheka. Kupatana! Si ndiyo kazi yake?

Lakini hilo kopo halikuwa la kuchekea. Lilikuwa la filamu, na chini ya mkanda wa kilimo bora palifichwa karatasi yenye majina na nyumba za wapigania uhuru kumi na wanne, waliokuwa wakiishi Tanga na Dar kwa majina ya kuazima. Kornelio, dereva wa gari la sinema za vijijini, alitakiwa kumpelekea Voss. Akaogopa ukaguzi wa barabarani, akaliacha Kwai, akampelekea Voss habari ya mahali lilipo. Alfajiri hiyo Kornelio alikamatwa Mombo, akasema yote.

Voss alijiita mtafiti wa maua. Alikuwa na pasipoti tatu. Akilipata kopo, angepitia Mlalo hadi mpakani kabla ya jioni, na baada ya wiki moja watu kumi na wanne wangeanza kupokea vifurushi vinavyolipuka vikifunguliwa.

Jina la nne kwenye karatasi lilikuwa la Zakaria.

Honda ikapiga kelele. Soni ikapita. Lushoto ikapita.

Bibi Hadija alikuwa barazani, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwenye ungo. Kabibi kadogo, mikono mikubwa.

Mbaraka akavua miwani yake ya Ray-Ban taratibu. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake. Akachomoa Browning na kuilaza mkekani, mdomo ukielekea bondeni. Kisha akamkazia macho.

Akanyamaza.

Somo la tisa: anayefungua mdomo kwanza ndiye anayeshindwa.

Bibi akamtazama. Akaitazama bastola. Akarudi kwenye maharage yake.

Dakika moja.

Dakika tano. Analainika, Mbaraka akajiambia.

Dakika kumi na mbili. Kuku akapita, akaidonoa Browning, akaiona haina ladha, akaenda zake.

"Nungu kwa Kinyonga. Mmefikia wapi?"

Mbaraka akanong'ona, "Yuko karibu kukubali."

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu."

"Na wewe?"

"Mimi pia. Ndiyo mbinu yenyewe."

Redio ikakoroma tena.

"Bwana Pazi, mimi nimezaliwa hukuhuku. Umempa shikamoo?"

"Kuna filamu moja ya Wajapani..."

"Huyo ni bibi wa Kwai! Anakungoja uonyeshe kama ulilelewa na watu! Voss ameshapita Soni!"

Mbaraka akahisi masikio yanawaka moto. Filamu sitini na mbili, na hata moja haikuwa na bibi anayechambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Kumbe una ulimi. Nikasema leo nimeletewa bubu. Onga mshi, mwanangu," akaongeza salamu ya Kisambaa. "Mama hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Baba je?"

"Hajambo."

"Na mvua huko utokako?"

"Imenyesha, bibi." Saa ya Seiko mkononi ilikuwa ikikimbia.

"Haya. Hicho chuma kiondoe. Mkeka huu nausalia."

Browning ikarudi kiunoni upesi kuliko ilivyotoka.

"Bibi, kuna kopo..."

"Umekula?"

"Bibi, sina muda!"

"Hee! Mume wangu, mwanamume haingii kwangu akatoka na njaa. Utanitia aibu kwa wake wenzangu."

Mume wangu.

Mara ya mwisho kuitwa hivyo ilikuwa Kisarawe, kwa bibi yake mzaa baba, ambaye hakuna mjukuu aliyewahi kupata kitu kwake kwa kumtolea macho. Kwake ulikaa, ukala, ukataniwa, ndipo ukasema shida yako. Lile Mbaraka alilijua tangu yuko uchi. Cheti ndicho kilichomsahaulisha.

"Mke wangu," akasema, "lete hicho chakula. Lakini kama umekichoma kama kawaida yako, leo nakurudisha kwenu."

Bibi akacheka hadi ungo ukatikisika. Yakaja magimbi ya kuchemsha na maziwa. Mbaraka akala kwa mkono, na katikati ya matonge akasema kila kitu, bila somo la tisa wala la kumi. Akasema juu ya Voss. Akasema juu ya mwalimu wake mwenye kovu, ambaye ana binti wa miaka sita, na huyo binti ndiye hukimbilia mlangoni kifurushi kikiletwa.

Bibi akaacha kucheka.

"Ungesema tangu ulipofika."

"Kwa hiyo unanipa?"

"Siwezi. Ni amana. Kornelio kaniwekea mkononi mwangu. Nitaitoa kwa Kornelio, au kwa kauli yake mwenyewe, nimsikie kwa masikio haya. Nje ya hapo, hata aje mkuu wa mkoa."

"Kwa kauli yake?"

"Ndiyo nilivyosema."

Mbaraka akairukia redio. "Nungu! Nataka Kornelio kwenye redio!"

"Yuko mahabusu Mombo. Nipe dakika kumi."

"Sina kumi!"

Hakuwa nazo kweli. Land Rover ilikuwa inanguruma kwenye kona ya chini.

Honda ilishafichwa kwenye migomba. Mbaraka akatoweka chumbani, nyuma ya pazia, bastola mkononi.

Voss akashuka. Mrefu, kofia ya majani, viatu vya gharama. Naye, kumbe, alikuwa msomi wa filamu, za aina ile ambayo mzungu hufika kijijini, akamimina zawadi, na wenyeji wakacheza ngoma. Hakusalimia. Akasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde:

"Mama! Mimi rafiki! Kopo!"

Akaweka mkekani redio ya National, mpya, ingali ndani ya boksi.

"Wewe redio. Mimi kopo. Sawa?"

Bibi akaligeuzageuza boksi. "Kopo ni la nani?"

"Langu."

"Lako?"

"Langu kabisa, Mama!"

"Sasa redio unanipa ya nini?"

Tabasamu la Voss likayumba. "Ili... unipe kopo."

"Tangu lini mtu akanunua kitu chake mwenyewe?" Bibi akalisukuma boksi mpaka ukingoni mwa mkeka. "Mwenye amana huja, akasalimia, akaulizia mzigo wake. Wewe hujasalimia, na umekuja na malipo. Wewe ni mwizi, bwana mrefu."

Voss akaacha kutabasamu. Mkono ukaingia kotini, ukatoka na bastola yenye kizuia sauti.

"Sasa hivi, Mama. Moja. Mbili..."

"KINYONGA, KORNELIO HUYU HAPA!" redio ikapayuka nyuma ya pazia.

Voss akageuka.

Mbaraka akapasua pazia kama chui. Teke moja. Bastola ikapaa, ikaangukia kwenye maharage. Bibi akapiga yowe, yowe lile ambalo Kwai nzima haiulizi, inakuja tu. Kutoka shamba la ujamaa wakapanda watu ishirini na majembe yao, wanawake mbele.

Voss akainua mikono na kutoa lile tabasamu lake la sinema.

Hakuna aliyetabasamu naye.

Mbaraka akamfunga pingu, kisha akamsogezea bibi redio.

"Shikamoo, Bibi Hadija," ikasema sauti yenye mikwaruzo. "Ni mimi, Kornelio. Kornelio wa Tobia, wa Rangwi."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Na yule ng'ombe?"

"Alipona. Bibi, mpe huyo kijana lile kopo. Na unisamehe. Nilikuletea balaa nyumbani."

"Nimekusikia. Uje mwenyewe uombe msamaha, wakikuachia."

Akaingia ndani, akazamisha mkono kwenye gunia la mahindi, akatoka na kopo. Mbaraka akalifungua. Majina kumi na manne. La nne likiwa pale pale.

"Kinyonga kwa Nungu. Orodha ninayo. Mwambie Ndugu Zakaria akamchukue mtoto shule, wakale chakula."

Polisi wa Lushoto wakafika, wakampakia Voss. Mbaraka Pazi akavaa Ray-Ban. Akapanda Honda. Ukungu ukafunguka mbele yake, ukafunga nyuma yake, naye hakugeuza shingo hata mara moja.

Mimi huwa naishia hapo, na watu hupiga makofi. Jumamosi iliyopita niliisimulia tena mkahawani, karibu na soko la Lushoto. Watu wamejaa, chai inapoa. Walikuwa hawajamaliza kupiga makofi pale kabibi kamoja kenye kikapu cha matunda ya peasi kaliponisogelea na kuniangalia juu mpaka chini.

"Teke?" akasema Bibi Hadija. "Bastola ya yule mzungu niliiangusha mimi, kwa mchi. Wewe Mbaraka ulipiga teke kwa mguu upi? Maana yote miwili niliiona inachungulia uvunguni mwa kitanda changu."

Mkahawa mzima ukainama kuniangalia miguu.