Pikapu Iliyolalia Kushoto

Pikapu ilikuwa imelalia kushoto. Renatus alilaumu springi, akazibadilisha zote, akaishusha kutoka kwenye jeki, kisha akarudi nyuma hatua tatu kuitazama kama bwana harusi. Ikalala tena kushoto, upande wa abiria.

"Inanidharau hii," alisema.

Tangu astaafu ubwana shamba pale Gitting, mzee huyo alikuwa na ndoto moja tu: kufufua pikapu yoyote ya zamani pamoja na mwanawe Felician. Kisha mlima Hanang ukashusha tope juu ya Katesh, na Felician, aliyekuwa amekwenda huko kununua vipuri, hakuonekana tena, hata kiatu chake. Miezi kadhaa baadaye Renatus akaikuta pikapu hii, imefukuliwa kwenye tope hilohilo, akaivuta hadi nyumbani. Hakuuliza nani alikuwa ndani. Mkewe Hilda naye hakuuliza. Tangu msiba ule Hilda hakulia wala hakukasirika. Alipika, akafagia, akalala. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Kazi yake kwenye pikapu ilikuwa kuosha. Aliosha kiti cha abiria kwa sabuni, akakianika juani, na kesho yake tope lilikuwa pale pale, bichi. Siku ya nne, mchana kweupe, akiwa ameinama na tambara, sauti ikasema karibu na sikio lake:

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa sauti ya Felician. Hilda alikamua tambara, akaendelea kufuta.

Jioni alimweleza mumewe kwa sauti ya chini. Renatus, ambaye kwa kawaida huwacheka waganga mpaka machozi, kulipokucha akaenda Gendabi kumleta mzee Gidabuday. Mganga alilizunguka gari, akanusa mlango wa kushoto, akamvuta Hilda kando.

"Umemwitikia?" alinong'ona.

"Hapana."

"Usimwitikie. Ni jini huyo. Aliingia humo mwenye gari alipokufa, na hana kwao. Ukisema marahaba umemkubali kuwa mtoto wako, hata mimi sitamweza. Akinyamaziwa siku saba, ataondoka mwenyewe."

Akafukiza gari, akaenda zake.

Siku sita Hilda alinyamaza. Ya saba alikuwa jikoni akichemsha maji ya ugali wa watu wawili, Renatus yuko uani nyuma ya pikapu akifunga taa, ndipo harufu ya tope ikavuka uani, ikapita chini ya mlango, ikajaa jikoni mpaka moshi wa kuni haukusikika tena, na sauti ikatoka kwenye kiti cha abiria, taratibu, kwa adabu zote, "Shikamoo, mama," na Hilda akajua kwa hakika kwamba huyo si mwanawe, kwa sababu Felician hakuwahi hata siku moja kumwamkia kwa Kiswahili. Wao nyumbani walisalimiana kwa Kiiraqw.

Alijua. Akasubiri aogope, na hofu haikuja. Kilichokuja ni uchovu wa kupika kwa ajili ya watu wawili.

"Marahaba, baba," akasema. "Karibu ndani."

Mlango wa pikapu ulilia kidogo. Nyayo zenye maji zikavuka uani, zikasimama kizingitini.

"Mama Felician," Renatus aliita kwa furaha kutoka nyuma ya gari, "njoo uone. Leo imekaa sawa."

Hilda akaongeza maji sufuriani, akachota unga wa mtu wa tatu.