Mkanda wa Kiti cha Mbele

Jumanne, tarehe kumi na nane Julai mwaka 2023, saa saba mchana, Wendell Stroud aliegesha pikapu yake kwenye kivuli cha ukuta mmoja mjini Las Vegas, akashuka, akafunga mlango. Ndugu msomaji, ishike siku hiyo na saa hiyo. Yote yaliyoharibika yaliharibikia hapo kivulini, na mwenyewe alidhani anatenda wema.

Asubuhi yake ilikuwa njema. Alikuwa amelala St. George, akala mayai na viazi vya kukaanga, akaingia barabarani hewa ikiwa bado na ubaridi. Dirisha lilikuwa wazi. Miguuni palikuwa na mfuko wa pichi alizochuma nyuma ya nyumba yake huko Delta, Colorado. Na kwenye kiti cha mbele, amefungwa mkanda kama abiria mwingine yeyote, alikuwapo Verna.

Verna alikuwa mke wake wa miaka arobaini na minne. Alifariki mwezi wa tatu. Alitaka achomwe, na majivu yake yamwagwe baharini huko Morro Bay, alikozaliwa. Basi alikuwa ndani ya kisanduku cha mbao ya mwaloni ambacho Wendell alikichonga mwenyewe, na Jumamosi binti yao Colleen angewangoja ufukweni na wajukuu na maua. Kazi ya Wendell ilikuwa moja tu: kumfikisha.

"Ukiona ninalala nipige kofi," alimwambia Verna walipopita kwenye korongo. Sisi tuliofiwa na wake hatumcheki mtu kwa hilo.

Karibu na mji mshale wa joto ukapanda, rejeta ikaanza kutoa mvuke. Fundi wa pembeni mwa barabara akafunua boneti, akafunga kwa haraka.

"Mzee, nimekuzibia, lakini ukiingia jangwani saa hizi utapika injini na wewe mwenyewe. Ngoja jua lizame."

"Ningoje wapi?"

Fundi akacheka. "Mji huu mahali penye baridi pa kukaa bure ni pa namna moja tu, mzee, na unapajua."

Sasa niambie, nani aliupanga mji hivyo? Jangwa lile lina joto la kuua ndege, na mtu akitaka kivuli, akitaka choo, akitaka maji, njia zote zinampitisha kwenye mashine za kamari. Hilo halikutokea lenyewe. Kuna watu walikaa mezani na suti zao wakalichora.

Egesho la jumba la kamari lilikuwa juani. Wendell akamtazama Verna, akaona hapana, hawezi kumwacha kwenye tanuri. Akazunguka nyuma mpaka kwenye duka la samani lililokufa, lenye ukuta mrefu na kivuli kizuri. Kulikuwa na kibao juu, herufi zimefifia: magari ya wasiohusika yatakokotwa. Alikiona. Akasema moyoni, duka limefungwa, nani atamfukuza nani?

Kwa nini hakumbeba waingie wote? Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Zamani, Colleen akiwa mtoto, Wendell na wachimba visima wenzake walikwenda kustarehe, na huko alipoteza kwenye kamari pesa ya mashine ya kufulia. Verna hakugomba. Alifua kwa mikono majira yote ya baridi, vidole vikapasuka. Wendell aliapa hatarudia. Mtu wa namna hiyo utambebaje ukaingie naye kwenye nyumba ya kamari?

Akavua kofia yake, akamfunika nayo, ili asione.

"Nusu saa, mama. Nakula, narudi."

Ndani palikuwa na baridi kama kisimani. Mgahawa ulikuwa na bei ya wazee, lakini bei hiyo ilitaka kadi ya wachezaji, na kadi ilitolewa mezani na dada mmoja mwenye meno meupe aitwaye Kirsten.

"Hailipiwi chochote, baba. Na nimekuwekea dola kumi za kuchezea, zawadi yangu kwako."

"Mimi sichezi, binti yangu."

"Basi usicheze. Lakini zitapotea bure!"

Wahenga walisema mtego bila ya chambo haunasi. Alikula nyama na mayai, akazikumbuka zile dola kumi, akaona aibu kuziacha. Mtu aliyekulia kwenye dhiki haachi chakula kwenye sahani. Wakubwa wa jumba wanalijua hilo kuliko mama yako mzazi anavyokujua.

Alikwenda kukaa karibu na bibi mmoja aitwaye Opal, mwenye mrija wa oksijeni puani na sigara sikioni.

"Usikalie hicho kiti," Opal akamwambia. "Hiyo mashine imenila mpaka soli za viatu."

"Nakaa dakika tano tu."

"Hata mimi nilimwambia mume wangu hivyo. Akafa akingoja."

"Pole sana."

"Pole ya nini? Aliniachia pensheni." Akacheka mpaka mrija ukatoka. "Wewe wako yuko wapi?"

Wendell akajibu macho yakiwa kwenye mashine. "Yuko kwenye gari."

"Kwenye joto hili? We mwanaume una roho mbaya!"

Angesimama wakati ule! Lakini mashine ikaimba, taa zikamwagika, watu wakageuka kumtazama. Dola kumi za bure zikawa mia nne. Opal akampiga bega. Tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa amemgusa bega.

Alicheza alasiri nzima. Zile mia nne zikarudi zilikotoka, kisha zikaenda zake mwenyewe, kisha mkono ukaingia kwenye bahasha ya ndani ya koti. Bahasha hiyo ilikuwa na pesa ya boti ya kumpeleka Verna kwenye maji marefu. Jua lilipozama, yaani saa aliyoagizwa na fundi aondoke, bahasha ilikuwa nusu.

Akainuka. Akafika mpaka mlango wa nyuma, akasukuma, joto likampiga usoni. Pikapu ilikuwa upande wa pili wa kona, hatua mia mbili. Lakini moyoni akamwona Verna wake wa zamani akimtazama kwa juu ya miwani, mikono ndani ya beseni. Angemwambia nini? Akasema: nitamwendea nikiwa nimeirudisha pesa yake. Akauachia mlango ukajifunga.

Kama angekunja kona ile angekuta mahali patupu. Gari la kukokota lilikuwa limekuja saa nane, hata kabla hajamaliza nyama yake.

Kirsten akaja na tabasamu. "Baba, tumekupa chumba. Bure. Na kifungua kinywa."

Ndugu msomaji, chumba hicho hawampi anayeshinda. Wanampa anayepoteza na ambaye bado ana kitu mfukoni. Kompyuta yao inajua.

Jumatano akacheza ili airudishe bahasha. Alhamisi akacheza ili arudishe alizopoteza Jumatano, na siku hiyo alitumia kadi ya benki. Kila mara alipoukaribia mlango wa nyuma aibu ilikuwa imeongezeka, na kila aibu ilipoongezeka mlango ulikuwa mbali zaidi. Colleen alipiga simu.

"Baba, uko wapi? Sauti gani hizo?"

"Niko gereji. Rejeta ilipasuka. Wananitengenezea."

"Siku tatu? Baba, nije?"

"Kaa na watoto. Nitafika."

Kisha Colleen akauliza kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa akiuliza utotoni, "Mama yuko salama?"

"Yuko salama," akasema Wendell. "Nimemfunga mkanda."

Aliapa baadaye kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kusema uongo mzito kama ule, na wakati akiusema hakujua kuwa ni uongo.

Ijumaa asubuhi kadi ya benki ilikataa. Alipokwenda kwa Kirsten kuomba kahawa, Kirsten hakuinua macho.

"Mfumo unasema chumba kimeisha leo saa tano, bwana."

Jana alikuwa baba. Leo ni bwana.

Opal alikuwa bado kwenye kiti chake. "Wamekufukuza? Karibu kwenye ukoo," akasema. Kisha akaangalia uso wake vizuri, akaacha mzaha. "Mkeo bado yuko kwenye gari?"

"Ni majivu yake, Opal."

Bibi yule akaitoa sigara sikioni, akaivunja vipande viwili. "Toka," akasema. "Toka hapa, mpumbavu wewe, ukamchukue." Akamtia noti ya dola ishirini mkononi.

Kivulini hapakuwa na kitu. Doa la maji ya rejeta lilikuwa limekauka kwenye lami, basi.

Yadi ya magari yaliyokokotwa, iliyotajwa kwenye kile kibao, ilikuwa mbali, kaskazini mwa mji, mabasi mawili na mwendo wa miguu juani, na yeye hana kofia. Alifika midomo imepasuka. Nyuma ya kioo alikaa karani mwanamke, feni ikimpepea.

"Leseni na malipo. Ni siku tatu za kulaza, na ya kukokota, na ya ofisi."

"Gari kaeni nalo," Wendell akasema. "Nataka kisanduku. Kiti cha mbele. Kimefungwa mkanda."

"Vitu havitoki kabla gari halijalipiwa, mzee."

"Ni mke wangu aliyemo."

Karani akamtazama kuona kama amelewa. Kisha akaona kuwa hakulewa. "Mzee, sheria si mimi niliyeitunga."

"Aliyeitunga yuko wapi?"

"Hayuko hapa."

"Hawapo kamwe," akasema Wendell. "Mama, nakuomba. Nenda ukamwangalie tu. Uniambie kama yupo."

Mwanamke yule alikuwa na moyo, tumpe haki yake. Alichukua funguo, akatoka nyuma kwenye jua. Alikaa sana. Aliporudi alikuwa ameshika kofia.

"Hii ndiyo yako?"

"Ndiyo. Ilikuwa juu yake."

"Mzee..." Akaiweka kofia kwenye kidirisha. "Njoo uone mwenyewe."

Dirisha la upande wa abiria lilikuwa limevunjwa. Redio ilikuwa imeng'olewa. Pichi zilikuwa zimeoza mfukoni, nzi wamejaa. Na kwenye kiti cha mbele mkanda ulikuwa bado umefungwa, umebana kwenye kifungo chake, umekumbatia hewa. Mtu alikuwa amekichomoa kisanduku kwa chini, bila hata kuufungua.

Wendell akaingiza mkono dirishani, akaushika ule mkanda. Hakulia. Alisimama hivyo mpaka karani akaenda kumletea maji.

Dereva wa gari la kukokota alisema alilileta likiwa zima. Yadi ilisema lilifika limevunjwa. Polisi aliandika ripoti, akauliza thamani ya kilichoibwa, na Wendell alipokosa jibu akaandika sifuri. Jumba la kamari lilisema ule ukuta si wao. Mwenye ukuta hakupatikana.

Jumamosi, huko Morro Bay, wajukuu walisimama ufukweni na maua yao mpaka yakanyauka.

FUNDISHO

Wenzangu, hasa ninyi mliobaki peke yenu nyumbani: kamari haimwanzi mtu kwa tamaa. Inamwanza kwa upweke, na kwa joto, na kwa sahani ya bei nafuu. Usikubali kadi. Usikubali chumba. Ukishapoteza, rudi siku hiyo hiyo kwa mtu wako, mwambie, akukasirikie. Wendell hakuangamizwa na mashine peke yake. Aliangamizwa na aibu ya kukunja kona moja. Anayeficha kosa dogo hulitunza likue.

Na ninyi mnaotoa leseni, mnaokula kodi ya majumba hayo na kukata utepe milango inapofunguliwa: mmeandika sheria ya kulaza gari, ya kukokota gari, ya kuuza gari. Ya kumtunza aliyemo ndani hamkuandika. Yule karani hana kosa la kubeba, ninyi mkiwa mmekaa kwenye kiyoyozi.

Jumamosi jioni Wendell alimpigia Colleen simu, akamtajia ile yadi tu, na Colleen aliendesha usiku kucha akamfuata baba yake. Alimkuta Jumapili asubuhi kwenye benchi nje ya yadi, kofia magotini. Alikuwa amejiandaa kumgombeza njia nzima. Alipomwona alivyokonda hakuweza. Alimwinua, akampeleka kwenye gari lake, akamfungia mkanda kwenye kiti cha mbele kama mtoto. Kisha akaketi nyuma ya usukani, asiwashe gari, akatazama mbele, akauliza lile ambalo dereva, yadi, polisi na wakubwa wote wa mji ule hawajalijibu mpaka leo:

"Baba, mama yuko wapi?"