Mdogo Wake Mtangazaji

Duka la vitambaa lilifurika, watu wakivutana majora kama yanagawiwa bure. Kijana mmoja aliuliza bei ya kitambaa cha aproni, na dada aliyevaa gauni la kijani, utepe wa kupimia shingoni, akageuka aliposikia sauti hiyo.

"Samahani, wewe si yule mtangazaji wa asubuhi?"

"Yule ni kaka yangu. Mimi naoka mikate."

Alishazoea. Shuleni walimwita mdogo wake fulani, mtaani hivyo hivyo. Na kaka mwenyewe alikuwa mwema, kwa hiyo hata wa kumkasirikia hakuwepo.

"Basi redio haijawahi kuninukia vizuri hivi," dada akasema, akicheka. Alikuwa mshonaji, kibanda chake mtaa wa pili.

Wakapeana namba. Ikawa kila jioni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, mshona vifungo?"

"Niite fundi, tuheshimiane."

Miezi ikaenda vizuri, mpaka jioni moja mshonaji alipouliza, "Kaka yako anatoka kazini saa ngapi? Nataka kuonana naye."

"Kumbe na wewe," kijana akasema, akakata simu. Hakupokea tena simu zake.

Wiki haijaisha, kaka akampigia. "Mdogo wangu, nina mgeni hapa kituoni."

"Amekufuata wewe, si ndiyo?"

"Mimi? Nimejaribu kumsimulia kipindi changu, ameniambia nimalizie baadaye. Kwao wameuliza nani atakuja kukusemea posa, akataka kuniomba mimi. Wewe ukamkatia simu."

Kijana akajifuta uso kwa mkono wenye unga.

"Nimpe simu?"

"Usimpe. Mwambie asiondoke."

Alifika na unga kwenye nyusi. Mshonaji alikuwa kwenye benchi nje ya kituo, amenuna.

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ningemtaka yeye, ningekuwa naamka kila siku nikimuwaza mtu anayenukia hamira?"

Akaketi kando yake. "Nikuoe?"

"Ukianza kupokea simu zangu."

Siku ya kwenda kwa wazazi wa binti, kaka alivaa suti, akaketi mbele, akasafisha koo. Wazee wakamgeukia kwa furaha ya kumwona mtu wa redio. Kabla hajaanza, mdogo wake akamgusa goti.

"Hili niachie, kaka."

Alikwama mwanzoni, jasho likamtoka, kisha maneno yakaja. Kaka yake alimsikiliza mpaka mwisho bila kumdakiza, akitabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.