Dishi Lililomshika Lusiana

"Shemeji, unaniulia mwanangu!"

Mchi wa kinu ulishuka kwenye mkono wa Lusiana wangu... puu!

Aliyeushika ni Kipriani, mdogo wake marehemu mume wangu. Baba mdogo wa mtoto mwenyewe!

Ndugu zangu mnaosoma, ngoja niwaeleze ilivyoanza.

Tangu tumalize arobaini, Kipriani alikuwa anakuja na baiskeli kutoka kijijini Chiola kwa neno moja tu.

"Shemeji, ile tivii ya kaka nipe. Kuna fundi namjua Ruangwa."

"Haitoki humu ndani."

"Basi mtu asiifungue. Ina matatizo."

Nikaguna. Matatizo, au tamaa?

Mwaka 2007 huo, Nachingwea mjini wenye nacho walishafunga madishi. Tivii yangu ya chogo ilikuwa na tundu la antena tu, haikubali risiva. Nikanunua dishi, nikamwita Lukasi, fundi redio, mwenzangu wa kwaya, alifunge uani. Anayeongoza rozari atanidhuru vipi?

Akaifungua mgongo, akachomelea nyaya za risiva humohumo ndani.

Picha... kioo kabisa!

"Mama Lusiana, misa ya Roma utaiona ukiwa mkekani!" akatamba.

Nikatoka nje kulinyunyizia dishi maji ya baraka. Kabla sijafika, Lusiana, pekupeku, akatupia kanga mbichi juu ya dishi.

Mkono ukang'ang'ania chuma. Mdomo wazi, sauti haitoki...

Yesu wangu!

Nikakimbilia kumshika. Kipriani, ndiyo kwanza anaingia uani, akanisukuma nikaanguka. Akanyakua mchi.

Puu!

Mtoto chini. Nikamrukia Kipriani, nikamng'ata bega!

"Niume tu, shemeji, lakini usiguse dishi! Lina umeme! Lukasi, chomoa!"

Lukasi alikuwa mlangoni, amepauka kama jivu.

Akakimbilia ndani kuchomoa.

Kisha Lusiana akakohoa. "Mama, mkono unauma."

Nililia kama msiba umerudi.

"Tivii ile umeme unatembea mpaka kwenye vyuma vyake vya ndani, na nyaya za Lukasi zimeupeleka mpaka kwenye dishi," Kipriani akasema. "Kaka aliwahi kuifungua, ikamrusha. Aliniapisha nisikwambie, ungeitupa jalalani."

Aibu ikanishika. "Basi ichukue, baba. Ni yako."

Akanitazama, akacheka huku anashika bega.

"Ya nini, shemeji? Chiola kwetu umeme uko wapi?"

Wapendwa, salini, lakini fundi msimpime kwa rozari. Na anayewakera kila siku mlangoni, muulizeni kwanza anaogopa nini.

Alama ya meno yangu anayo mpaka leo.