Folda ya Munira

Habibu alimwona Munira kwa mara ya kwanza katika soko la Majengo, akionja zabibu za mama mmoja bila dalili yoyote ya kununua. Alivaa dera la kijani na mtandio mweupe, na mkono wake haukuwa na haya.

"Dada, hiyo ya saba," Habibu akamwambia. "Mama wa watu atafunga biashara."

"Kumbe unanihesabia? Basi ninunulie, niache kuonja."

Akamnunulia kilo mbili. Miezi minane baadaye alikuwa bado ananunua, na simu hazikukauka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakusubiri uje unipikie."

"Lete barua nyumbani kwanza, ndipo ule ugali wangu."

Munira alilisema hilo kwa kucheka, Habibu naye akacheka. Alikuwa fundi wa kompyuta, amepanga chumba kimoja Mkonze, na alijiambia posa ataipeleka mambo yakinyooka. Mambo ya wanaume wenye maneno matamu huwa hayana haraka ya kunyooka.

Munira alipokwenda likizo kwao Kondoa, ofisi ya upimaji viwanja aliyokuwa akifanyia kazi ikamwita Habibu. Sava yao, kile kisanduku kinachotunza mafaili ya kompyuta zote, ilikuwa imegoma: kila aliyefungua folda aliambiwa hana ruhusa. Habibu akaingia kama msimamizi, akaanza kurudisha ruhusa folda moja baada ya nyingine, kila mtu na zake. Fundi mwenye adabu hutengeneza mlango akaondoka, hachungulii chumbani. Habibu alilijua hilo vizuri. Lakini ndani ya folda ya Munira kulikuwa na faili lililoitwa "Barua ya posa", naye akalifungua.

Ukoo wa Khamisi, mfanyabiashara wa alizeti, ulikuwa umewaandikia wazee wa Munira kumposa binti yao. Jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Wivu ukampanda. Munira alipopiga simu jioni, akaiacha iite. Kesho yake vilevile. Siku ya tano akapokea.

"Habibu, kuna jambo la haraka. Unaweza kuja Kondoa Jumamosi?"

"Niko bize."

"Basi lini?"

"Sijui. Kila mtu ana mambo yake."

"Nimekukosea nini?"

"Jiulize mwenyewe," akasema, akakata. Alijiona mwanaume kwelikweli, na kumbe ulikuwa ujinga mtupu.

Wiki tatu baadaye ofisi ikamwita tena. Alimkuta Munira anapanga vitu vyake kwenye boksi, vidole vimekolea hina.

"Hongera," Habibu akasema kwa uchungu. "Barua yenyewe niliiona siku ile narekebisha ruhusa."

Munira akaacha kupanga. "Kumbe ndiyo hiyo. Ulisoma mafaili mangapi?"

"Moja."

"Yalikuwa mawili."

Akamgeuzia kompyuta. La pili lilikuwa jibu lake kwa wazee: Khamisi simtaki. Nina mtu wangu, anaitwa Habibu. Naomba mumsubiri, ataleta barua mwezi huu.

"Walikubali kukusubiri," Munira akasema. "Baba mkubwa akataka akusikie mwenyewe. Nikakupigia mbele yake, nimeweka spika. Ndiyo siku uliyoniambia nijiulize."

Machozi yalimtoka Habibu hapohapo, mbele ya makarani.

"Nitakwenda leo. Nitampigia magoti."

"Ndoa ni Ijumaa. Nimeshakubali kwa mdomo wangu, sitawaaibisha wazee mara mbili kwa ajili yako." Sauti yake ikakatika kidogo. "Nilikupenda mno, Habibu. Ungeniuliza tu."

Bosi akachungulia kutoka chumba cha pili. "Fundi, umeshaanza? Munira anatuacha leo, mtoe kwenye mfumo. Asibaki na ruhusa popote."

Habibu akaketi. Akaondoa jina la Munira kwenye ramani, kwenye hati, kwenye folda za wateja, mpaka ikabaki ile ya kwake mwenyewe. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika. Munira alikuwa amesimama mlangoni na boksi lake, akisubiri amalize ili aage ofisi nzima kwa pamoja.

Akabonyeza ndiyo.