Gasketi ya Ngozi

Asubuhi ya Jumamosi injini ya pikipiki ilikuwa ya moto, na hakuna aliyeiwasha tangu jana yake mchana. Suma aligundua alipoishika ili asiteleze. Ilikuwa Julai, mwaka 1975, na umande ulikuwa umeganda ua mzima pale Mazwi. Majani yote yalikuwa meupe, isipokuwa duara moja chini ya injini. Hapo palikuwa pakavu.

"Bwana Shamba, njoo uguse."

Mumewe, Ambakisye, alitoka na mswaki mdomoni. Aligusa, akaondoa vidole haraka.

"Jua hilo," alisema.

"Jua lipi? Halijavuka hata paa la jirani."

Ambakisye aliinama kutazama kifuniko cha klachi, ambako kwa wiki tatu oili ilikuwa ikivuja mpaka wakaweka sufuria kuukuu kuikinga. "Hata tone," alisema. "Mama kijacho, una mkono wa fundi!"

Gasketi ya zamani ilikuwa imechanika, na mpya haikupatikana mjini kote. Ndipo Ijumaa Ambakisye alipoleta kipande cha ngozi laini, cheusi kwa mafuta ya miaka mingi. Alikikuta kimening'inia ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma, katika kijiji kilichohamwa maili tisa kutoka hapo, njia ya Ilemba. Wenyeji walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, naye alipita huko kupima mashamba. Alitaka kukata mwenyewe, Suma akamnyang'anya mkasi.

"Wewe kapime mashamba."

Alilaza gazeti kwenye ukingo wa kifuniko, akalisugua kwa kidole chenye oili mpaka mchoro ukatokea, akatoboa matundu manane ya bolti kwa msumari, kisha akakata taratibu. Kipande cha katikati kilikuwa kizuri mno kutupwa. Alikitia katika kikapu alimoweka nyuzi za sufu na soksi alizokuwa akimfumia mtoto.

Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mbili za kwanza hazikufika mitano. Kwa hiyo Suma alihesabu mateke kila siku, na hakumwambia mtu kwamba anahesabu. Jumamosi hiyo hadi adhuhuri alihesabu moja tu.

Alasiri alisikia tone likianguka sufuriani. Alikwenda kutazama. Sufuria ilikuwa kavu. Alipogeuka, likaanguka jingine, na safari hii likaja na harufu ya mkaa na chuma kilichoiva.

Jumapili, walipotoka kanisani, Ambakisye aliwasha pikipiki kuijaribu, na mngurumo ulipopanda Suma akahisi tumbo likimkaza kutoka mbavuni hadi kiunoni, likawa zito na gumu kama limejazwa udongo uliochomwa, na ndani ya uzito huo mtoto akajikunja, akatulia, akawa kama hayumo.

"Zima!" alisema kwa sauti ndogo. "Zima, ananyamaza."

Akazima. Injini ilikaa kimya, lakini kitu ndani yake kiliendelea kuvuta pumzi, ndefu na nyembamba, kama upepo unaoingia kwenye matundu ya ukuta, unaokaa humo muda, unaotoka ukiwa wa moto.

Mzee mmoja alisimama kwenye ua, amefika bila kuitwa. Alikuwa Zenon, baba wa jirani yao, mmoja wa waliohamishwa kutoka kijiji kile.

"Shikamoo, mzee," Ambakisye alisema.

"Marahaba. Nani amewasha ilungu humu?"

"Ilungu?"

"Tanuru letu la chuma. Nilikuwa fundi wake. Harufu yake naijua kuliko ya mke wangu." Hakucheka. Aliitazama injini. "Mmechukua nini kule?"

Walipomweleza, alikaa chini palepale kwenye majani.

"Sisi tulimwita bibi harusi," alisema. "Tulimpamba, tukamwimbia, akatuzalia chuma. Ngozi hiyo ni mfuko wa dawa zake. Mwanamke mwenye mimba hakusogea pale. Bibi harusi huyo ana miaka arobaini hajazaa. Aliyeikata ni nani?"

Suma aliinua mkono. Mzee alivua kofia.

"Basi anadhani umemletea mtoto."

"Nifanye nini, baba?"

"Ngozi irudi leo, jua halijazama. Aipeleke mwanamume, peke yake. Wewe usikanyage kule."

Ilikuwa saa kumi. Kwa miguu asingewahi, na pikipiki bila gasketi ingemwaga oili njia nzima. Ambakisye alifungua bolti, vidole vikiungua. Suma alikata gasketi nyingine kwenye jalada la daftari, kisha, tumbo likiwa bado limemkaza, akaingia kulala.

"Kwa karatasi hii injini itakufa," Ambakisye alijisemea. "Pikipiki ni ya serikali, wataniachisha kazi. Na iwe."

"Ngozi ni hiyo yote?" Zenon aliuliza.

"Yote," Ambakisye alisema, akaitia mfukoni, akawasha pikipiki na kuondoka.

Suma, chumbani, hakulisikia swali.

Jua lilipokaribia kilima, mtoto alipiga teke. Likafuata la pili. Suma alicheka huku machozi yakimtoka, akatoka kumwambia mzee.

"Basi mumeo amefika," Zenon alisema.

Tone likaanguka.

Sufuria ilikuwa mbele yao, kavu. Tone lilitoka kwenye kikapu cha nyuzi, kando ya mlango. Suma alivuta zile soksi ndogo, zikamlowesha oili nyeusi yenye joto la mwili. Chini ya kila moja alikuwa ameshona soli, Ijumaa jioni, mtoto asipate baridi. Soli za ngozi.

Ndani yake mtoto alitulia.

"Nipe mimi," mzee alisema, lakini hata kusimama alishindwa.

"Utafika kesho, baba."

"Mwanangu, wewe usiende kule! Nakusihi!"

Alikwishavuka ua. Mstari mweusi wa oili aliyoimwaga mumewe ulimwonyesha njia, naye aliufuata kadiri tumbo lilivyomruhusu, soksi amezikumbatia kifuani, akihesabu. Hatua ya kumi, teke. Hatua ya ishirini, mateke mawili. Kila alipokwenda mbele mtoto alichangamka zaidi, akajinyoosha, akageuka kichwa chini, kama mtoto anayerudishwa kwao, aliyekwisha kuuona mlango.