Siku Niliyoingia Kituturini

Mimi naitwa Kuruthumu. Nauza nazi. Kizimba changu kipo Kariakoo, kwenye kisoko kidogo nyuma ya maduka ya vitenge. Ukipotea, fuata pua yako. Harufu ya mtaro itakuleta mpaka kwangu.

Kila asubuhi nashusha gunia. Nagonga nazi moja moja, nasikiliza. Nzuri naweka mbele, mbovu natupa. Mume wangu, Uledi, alikuwa kuli bandarini mpaka mgongo ulipomshinda. Sasa yuko nyumbani, na nyumba nzima inakula kutoka kwenye kizimba hiki. Kizimba kikienda, sisi tumekwisha. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Mvua ikinyesha, mtaro unafurika. Maji meusi yanapita katikati yetu. Vitunguu vinaelea, nyanya zinaelea, wateja wanageuza. Tulilalamika mpaka sauti zikakauka. Wakubwa walisema, "Linashughulikiwa." Linashughulikiwa! Ukisikia neno hilo, nenda zako ukalale.

Basi diwani wetu akafariki, Mungu amrehemu. Ukatangazwa uchaguzi mdogo, yaani uchaguzi wa kata yetu peke yake, ili tumpate diwani mpya.

Mimi ni mwanachama wa chama. Chama gani, sikwambii. Hii si kampeni. Kwenye mikutano nilikuwa mwimbaji wa mbele. Nikipiga kigelegele, kinasikika Buguruni. Lakini siku ya kura yenyewe nilibaki sokoni na nazi zangu. Sikuwahi kupiga kura hata siku moja. Nilidhani ukiwa na kadi ya chama, chama kimeshakuhesabu, mambo yamekwisha. Kadi ya mpiga kura nilikuwa nayo pia, ila niliitumia kama kitambulisho tu.

Safari hii nilikuwa na mtu wangu. Matilda, Mchaga, muuza mchele wa jumla. Masika yaliyopita alivaa mabuti, akashika koleo, akaingia mtaroni. Mwenye duka zima! Alichomoa magunia na makopo kwa mikono yake. Nilisimama nimeshika mdomo. Sijawahi kuona mwenye mali akinuka kama sisi.

Wajumbe wa chama wakapiga kura za maoni kumtafuta mgombea. Matilda akaongoza, wa pili yuko mbali. Tukacheza mpaka vumbi likapanda. Wiki haijaisha, jina likarudi kutoka juu. Si Matilda! Ni kijana mmoja anaitwa Uwesu, ambaye mtaro wetu hajawahi hata kuuruka.

Weee! Nilitupa nazi chini ikapasuka.

"Sasa wajumbe waliitiwa nini?" nilifoka. "Si wangejichagulia wenyewe tangu mwanzo? Siasa hizi basi! Sitaki, sitaki, sitaki!"

Aliyenisikia ni Mwalimu Zulekha. Anakaa nyumba ya ng'ambo. Amestaafu ualimu, na amewahi kusimamia vituo vya kura chaguzi nyingi. Alikuwa amekuja kununua nazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umemaliza kupasua?"

"Nazi nimemaliza. Moyo bado."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Sikiliza, mwanangu. Kura za maoni ni mambo ya ndani ya chama. Wajumbe wanapendekeza, wakubwa wa chama ndio wanaoamua. Umekasirika, una haki. Lakini ule haukuwa uchaguzi. Uchaguzi bado."

"Si wamemkata Matilda? Basi agombee peke yake."

"Hawezi. Sheria yetu inataka kila mgombea adhaminiwe na chama. Wapo wanaotaka sheria hiyo ibadilike. Lakini leo ndiyo tuliyonayo."

"Bila chama huwezi hata kusimama?"

"Huwezi."

"Makubwa!"

"Ndiyo maana Matilda amehamia chama kingine. Jina lake litakuwepo kwenye karatasi."

Chama alichohamia ni kidogo. Ofisi yake chumba kimoja, na bendera yake imepauka. Na mimi kadi yangu ni ya chama kingine.

"Nitawezaje, Mwalimu?" niliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi nimeshaandikwa kwao."

"Mgombea ndiye anayefungwa na chama. Mpiga kura hafungwi. Kadi ya chama inakuingiza kwenye mkutano. Kwenye kituo inakuingiza kadi ya mpiga kura. Huko hakuna atakayekuuliza wewe ni wa chama gani."

Nilitaka kumwamini. Lakini kesho yake akaja Seifu.

Seifu ni kijana wa tawi letu la chama. Mdomo wake hauna breki. Alisimama katikati ya kisoko, miwani ya jua usoni.

"Akina mama, mambo ni haya," alisema. "Kuna watu humu wanatuzunguka. Tutamjua kila mtu alimpa nani. Atakayetusaliti, kizimba chake tunampa mwingine. Msije mkasema hamkuambiwa."

Alipomaliza alinitazama mimi. Nilimwona Uledi kitandani na mgongo wake. Nilimwona Fatuma, binti yangu, karudishwa nyumbani kutoka shule. Nikasema moyoni: Matilda nisamehe, mimi nitampa Uwesu. Au sitaenda kabisa.

Sauti ikatoka nyuma ya tenga la nyanya.

"Utajuaje, mwanangu?"

Ni Mwalimu Zulekha, na kapu lake mkononi.

"Tuna njia zetu, Mwalimu," alisema Seifu.

"Vizuri. Tuonyeshe basi. Mimi napenda kujifunza."

Mambo gani tena! Mwalimu aliazima kanga ya Swaumu, yule mama anayetupikia chakula cha mchana, akaitundika kwenye kona kama pazia. Akachana karatasi vipande sawa. Kwenye kila kipande akaandika PILAU na WALI WA NAZI, na kisanduku mbele ya kila jina.

"Tunachagua chakula cha Ijumaa," alisema. "Kila mmoja anaingia peke yake nyuma ya kanga. Weka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja tu. Ukiweka kwenye vyote viwili, kura yako imeharibika. Kunja, tumbukiza kwenye kapu. Kalamu ni moja. Usiandike jina."

Tukaingia mmoja mmoja, tunacheka. Wapagazi wakaweka mizigo chini watazame. Tulipomaliza, Mwalimu akalitikisa kapu, akamsogezea Seifu.

"Haya. Toa kura ya Kuruthumu."

Seifu akavua miwani. Akachambua. Akafungua hii, akafungua ile. Jasho likamtoka. Mwisho akainua kipande kimoja.

"Hii hapa! Wali wa nazi. Si anauza nazi?"

"Mie?" nikasema. "Nazi nashinda nazo kutwa, halafu nizichague na Ijumaa? Mie nimechagua pilau!"

Soko zima likaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka.

"Na hata sasa," alisema taratibu, "hujui kama anasema kweli."

Kicheko kikakatika. Nilitazama lile kapu. Kapu la kuendea sokoni tu, limechakaa, mkono mmoja umefungwa kamba. Na humo ndani kuna kitu changu ambacho hakuna binadamu anayeweza kukinyooshea kidole. Nywele zilinisimama, wallahi.

"Basi watapiga picha karatasi zao na simu, watutumie," alisema Seifu.

"Kumlazimisha mtu aonyeshe kura yake ni kosa," alisema Mwalimu. "Kumtisha mpiga kura ni kosa. Na vizimba hivi ni vya halmashauri, si vya chama chochote. Nikusindikize kwa msimamizi wa uchaguzi ukayarudie maneno yako?"

Seifu akavaa miwani yake, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile Mwalimu alinipeleka kwenye shule ambayo ingekuwa kituo chetu. Orodha ya wapiga kura ilibandikwa ukutani. Tulitafuta kwa kidole mpaka tukalipata jina langu. Kuruthumu, limeandikwa bila kukosewa. Nililisoma, nikalisoma tena. Sikujua kama serikali inanijua.

Siku ya kura nilivaa kanga mpya. Nilifunga kizimba, jambo ambalo silifanyi hata nikiumwa. Uledi alitaka kwenda pia, mgongo na yote. Tulienda taratibu, ameshika bega langu. Kituoni wakamtoa kwenye foleni, wakampitisha mbele. Mwalimu alikuwa ameniambia: wagonjwa, wazee, wajawazito na wenye ulemavu hawapangi foleni.

Mimi nikapanga. Na hapo ndipo nilipoanza kustaajabu.

Mbele yangu alisimama mpagazi, shati limetoboka begani. Nyuma yangu nani? Mwenye ghorofa la vitenge! Yule ambaye akipita mtaani watu wanampisha. Leo anasubiri mgongoni kwangu, na mimi nasubiri mgongoni kwa mpagazi. Hakuna aliyempisha, na yeye hakuomba.

"Mzee," nikamtania, "leo umekuwa mdogo wangu."

Akacheka. "Leo, mama, sote karatasi moja moja."

Neno lile lilinigonga kifuani. Karatasi moja moja. Ana maghorofa, ana malori bandarini. Karatasi yake moja. Mimi nina gunia la nazi na mume mgonjwa. Karatasi yangu moja. Subhanallah! Mbona hakuna aliyeniambia siku zote hizo nilizokuwa nakatika viuno kwenye majukwaa?

Ndani kulikuwa kimya kama msikitini. Mawakala wa vyama wamekaa kwenye benchi, kazi yao kutazama. Asubuhi kabla ya kura ya kwanza walionyeshwa sanduku likiwa tupu, kisha likafungwa kwa lakiri mbele yao. Karani alichukua kadi yangu, akatafuta jina langu, akalisoma kwa sauti. Hakuna wakala aliyenipinga. Nikapakwa wino kidoleni. Nikapewa karatasi.

"Nenda kituturini, mama."

Kituturi ni kile kijisehemu kilichokingwa pande zote ili mtu asikuone unapoweka alama. Ukikiona utakidharau. Meza ndogo, ubao mwembamba, kalamu. Nikaingia.

Nikawa peke yangu.

Ndugu msomaji, mimi nimezaliwa kwenye chumba cha watu wengi. Nimeolewa kwenye nyumba ya wapangaji. Nashinda sokoni. Maisha yangu yote kuna mtu ananiona na kuna mtu ananiamuru. Baba, mume, mawifi, kijana wa ushuru, Seifu. Mle ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na karatasi, na picha za wagombea, na mimi. Nchi nzima ilikuwa imenyamaza kidogo inisubiri mimi, muuza nazi, niseme ninachotaka.

Nikamtazama Uwesu kwenye picha. Nikamtazama Matilda. Nikaweka vema, moja, ndani ya kisanduku. Nikakunja. Nikatoka, nikatumbukiza kwenye sanduku mbele ya macho yote yale, na hakuna hata jicho moja lililojua.

Nje Uledi alikuwa ananisubiri.

"Umempa nani?" aliuliza.

"Hata wewe sikwambii."

"Hata mimi sikwambii," alisema. Tukarudi nyumbani kila mtu na siri yake, kama watu waliooana jana.

Jioni matokeo yalibandikwa nje ya kituo. Kituoni petu Matilda aliongoza. Nilipiga kigelegele mpaka koo likauma. Lakini vituo vingine vilikuwa na lao. Walipojumlisha kata nzima, aliyeshinda ni Uwesu.

Nililia, sikufichi. Nilimfuata Mwalimu barazani kwake.

"Sasa imesaidia nini, Mwalimu?"

"Wewe ulipewa haki ya kuchagua," alisema. "Hukupewa ahadi ya kushinda. Lakini ngoja uone."

Asubuhi Seifu alikuja sokoni na hesabu za kituo chetu kichwani.

"Ni nani hapa aliyetunyima?" aliuliza.

"Mimi nilikupeni nyie," alisema Swaumu.

"Na mimi," alidakia muuza ndizi.

"Na mimi pia, mwanangu!"

Seifu akageuka huku, akageuka kule. Kwa hesabu hiyo walipaswa kushinda hapa kwa kishindo. Akafika kwangu.

"Na wewe, mama?"

"Kura ni siri, baba," nikamwambia. "Nikuhesabie nazi ngapi?"

Akaondoka. Kizimba changu kipo pale pale hadi leo. Hakuna aliyenyang'anywa hata ubao, maana Seifu hakujua aanzie kwa nani.

Mtaro ulizibuliwa kabla ya masika. Ukawekewa na mifuniko ya zege. Mvua ilipokuja, kwa mara ya kwanza niliuza nazi miguu yangu ikiwa mikavu. Matilda naye alikuja kuukagua, akaukanyaga kwa kisigino, akasema, "Kazi nzuri." Atagombea tena, anasema.

Lakini nikuache na siku ile diwani mpya alipokuja mara ya kwanza. Alikuja bila king'ora wala ngoma. Alijua kituo chetu kilimkataa. Ni nani hasa aliyemkataa, hakujua, na hatajua mpaka kiama. Basi ilimbidi atuheshimu wote. Alianzia kizimba cha kwanza, akasalimia. Cha pili, akasalimia. Hakuruka hata kimoja. Mimi namtazama anavyokuja, kiongozi mzima, na suruali yake ya pasi, anakanyaga maji ya mtaro.

Akafika mbele yangu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Mtaro ule pale."